Timu Zisizokwisha Kujengwa: Historia ya Mpira wa Miguu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Mtwapa hadi ng'ambo ya Mto Sabaki, ambao tangu mwaka 2013 umo chini ya serikali moja ya Kaunti ya Kilifi, timu ya mpira wa miguu ni kitu kinachojengwa na kujengwa tena. Msimu unapokaribia, viongozi hukuta kwamba washambuliaji wao wameshachukuliwa na klabu za Mombasa, kwamba vijana waliomaliza shule wametawanyika kutafuta kazi, na kwamba mfadhili aliyenunua jezi mwaka uliopita hana tena uwezo wa kununua hata mpira mmoja. Nao huanza upya, wakiwa na matumaini yale yale ya kupanda daraja. Hali hiyo imezoeleka kiasi cha kuonekana kama kasoro ya watu wa mahali hapa, kana kwamba viongozi ni wavivu na wachezaji hawana subira. Historia inaonyesha vingine. Kuvunjika kwa timu za Malindi na Kilifi kumetokana na sababu zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine, zikiwemo barabara, ajira, utalii na mpangilio wa ligi za nchi. Na kazi iliyodumu ni ile iliyopata njia ya kurithishwa kutoka kwa waliotangulia hadi kwa wanaofuata.

Ushindani uliokuwepo kabla ya mpira

Mpira wa miguu ulikuta miji ya Waswahili ya pwani ya kaskazini ikiwa na desturi kongwe ya kugawanyika pande mbili zinazoshindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu, kila upande ukiwa na mtaa wake, viongozi wake na mashabiki wake. Katika miaka ya 1890 ushindani huo ulipata sura mpya huko Lamu na Mombasa kwa kuzuka kwa beni, yaani ngoma ya mashindano iliyochezwa kwa tarumbeta na gwaride, ambayo wanachama wake walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na kuchanga fedha ili kuupiku upande wa pili kwa fahari. Wanawake nao walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma yao ya mashindano, vilivyoendeshwa kwa uongozi na michango vivyo hivyo. Kutoka pwani ya kaskazini beni ilienea hadi Tanganyika na kuingia mbali bara, ikibeba mtindo huo wa kuunda chama.

Jambo linalostahili kuangaliwa hapa ni muundo wenyewe wa vyama hivyo. Chama cha ngoma kilikuwa na mtaa kinaouwakilisha, wazee wanaokilinda, hazina ya michango, sare inayotambulika na mpinzani wa jadi ambaye bila yeye kisingekuwa na maana. Klabu ya mpira ya pwani ilipoanzishwa ilirithi mambo hayo yote matano, na ndiyo sababu hadi leo timu nyingi za mitaa ya Malindi hutambulishwa kwanza kwa mtaa, kisha kwa mpinzani wake, na mwisho kabisa kwa nafasi yake katika msimamo wa ligi.

Katika nchi ya juu iliyo nyuma ya miji hiyo, jamii za Mijikenda zilizo katika eneo la Kilifi ya leo, yaani Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Waribe, Warabai, Wakambe na Wajibana, zilikuwa na utaratibu wa rika, ambapo waliokulia wakati mmoja walihesabiwa kundi moja na kupandishwa pamoja kutoka ujana hadi uzee chini ya mamlaka ya kaya, makao yao ya asili yenye msitu na ngome. Rika lilifundisha kwamba kila kundi linashika nafasi kwa muda tu, na kwamba kazi ya wakubwa ni kuwaandaa wadogo wanaokuja kuishika. Wazo hilo litaonekana tena mbele, kwa kuwa ndilo hasa ambalo timu inayojengwa upya hulihitaji.

Misheni, shule na bandari

Mchezo wenyewe ulipitia milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa misheni, ambazo katika eneo hili zilitangulia mahali pengi pa Kenya: Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianza kazi Rabai mwaka 1846, Wamethodisti wakafika Ribe mwaka 1862, na makazi ya watumwa walioachwa huru yakaanzishwa Freretown, kando ya Mombasa, mwaka 1875. Shule zilizokua kutokana na misheni hizo ziliuchukua mpira kama sehemu ya malezi, kwa imani iliyokuwa imeenea katika shule za Uingereza wakati huo kwamba michezo ya timu humfundisha kijana nidhamu na utii. Mlango wa pili ulikuwa shule za serikali ya kikoloni, zilizofuata imani hiyo hiyo. Mlango wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, ulikuwa bandari ya Mombasa, ambako mabaharia, makarani, askari na wapagazi walikutana uwanjani, na ambako klabu kama Liverpool, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa Mwenge, zilipata sifa iliyovuka mipaka ya mji.

Kwa vijana wa Kigiriama njia ya kufika bandarini haikuwa nyepesi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha watu wake wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa, na mwaka 1914 serikali ilibomoa kwa baruti Kaya Fungo, makao makuu matakatifu ya Wagiriama, na vita vikafuata. Miaka mingi ilipita kabla ya uchumi wa jamii hiyo kusimama tena, na vijana walioondoka kwenda kuajiriwa Mombasa au katika mashamba ya pwani waliondoka kwa sababu ya kodi zaidi ya hamu ya mji. Walioujua mpira huko waliurudisha nyumbani wakati wa likizo na wa sikukuu, na kwa njia hiyo mchezo ulienea vijijini kwa mikono ya wenyeji wenyewe, bila ya kusubiri mwalimu wala afisa.

Wakati huo huo mashindano makubwa yalikuwa yakipangwa mbali. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni iliyolifadhili, lilianza mwaka 1926 kwa pambano kati ya Kenya na Uganda, na baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaingia. Kutokana nalo ndipo yalipozaliwa mashindano ya CECAFA, yaani ya nchi za Afrika Mashariki na Kati. Aliyetaka kuonekana na waliochagua timu za taifa ilimpasa kucheza Mombasa au Nairobi. Tangu mwanzo, basi, Malindi na Kilifi ziliwekwa katika nafasi ya kulea vipaji ambavyo vingetambuliwa mahali pengine.

Vivuko, daraja na mvuto wa Mombasa

Malindi iko takriban kilomita 120 kutoka Mombasa, na mji wa Kilifi uko katikati ya safari hiyo, lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 umbali huo ulipimwa kwa vivuko kuliko kwa kilomita. Gari lililotoka Mombasa lilipaswa kuvushwa katika hori ya Mtwapa na tena katika hori ya Kilifi, mahali panapoitwa Mnarani, na foleni ya pantoni iliweza kuila siku nzima. Timu iliyosafiri kwenda kucheza ugenini ilibidi itafute mahali pa kulala na chakula cha watu kumi na watano au zaidi, na gharama hiyo peke yake ilitosha kuifanya klabu ya Malindi iridhike na mashindano ya mitaani, ambako wapinzani walifikika kwa miguu. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1963, pwani iliwakilishwa na klabu za Mombasa, na mwaka 1965 mojawapo, Feisal, ikatwaa ubingwa wa Kenya. Miongo sita imepita na hakuna klabu nyingine ya pwani iliyowahi kurudia ushindi huo. Hata Bandari, klabu ya shirika la bandari yenye uwezo kuliko wenzake wote wa mkoa, imeishia nafasi ya pili.

Daraja la Kilifi, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 1991, liliondoa pantoni ya Mnarani na kuubadilisha uhusiano wa miji hiyo. Timu ya Kilifi iliweza sasa kwenda Mombasa kwa matatu asubuhi, ikacheza na kurudi jioni ile ile. Hata hivyo daraja lilifanya kazi pande zote mbili, kwa kuwa mchezaji aliyeonekana uwanjani mwisho wa juma aliweza kuanza mazoezi na klabu ya Mombasa Jumatatu inayofuata bila ya kuhama nyumbani kwao. Kuchukuliwa kwa wachezaji, ambako zamani kulichelewa kwa sababu ya njia, kukawa jambo la kila msimu, na klabu ndogo haikulipwa kitu, kwa kuwa mara nyingi haikuwa na mkataba wowote wa maandishi na kijana iliyemlea.

Kiwanda, hoteli na mfadhili anayeondoka

Klabu zilizodumu katika Kenya huru zilikuwa, kwa kiasi kikubwa, za aina mbili: zile zilizobebwa na jamii kubwa zilizohamia mijini, kama Gor Mahia na AFC Leopards, na zile zilizobebwa na mwajiri, kama Kenya Breweries, ambayo sasa ni Tusker, na Bandari. Mwajiri alimpa mchezaji mshahara na kazi ya kumngoja siku ambapo miguu itachoka, na kwa hiyo timu haikulazimika kuanza upya kila mwaka. Kilifi na Malindi hazikukosa waajiri kabisa. Kulikuwa na mashamba ya katani ya Vipingo, viwanda vya chumvi vya upande wa Gongoni na Marereni, na kiwanda cha korosho cha mjini Kilifi kilichoanzishwa katika miaka ya 1970. Lakini katani iliporomoka bei duniani ilipopata mpinzani katika nyuzi za plastiki, na kiwanda cha korosho kikasimama katika miaka ya 1990, kikiacha wakulima bila soko la uhakika na mji bila mwajiri wake mkubwa. Timu inayotegemea mwajiri haiwezi kuishi muda mrefu kuliko ajira yenyewe.

Malindi ilitegemea utalii, hasa wa Waitaliano, ambao walianza kuujaza mji katika miaka ya 1970 na 1980 na kuacha alama hata katika lugha ya mitaani. Hoteli zilitoa ajira kwa vijana na wamiliki wake walikuwa tayari kununua jezi na mipira, ila ufadhili wa namna hiyo una msimu wake. Wageni huja kwa wingi kati ya Desemba na Machi na tena Julai na Agosti. Mvua za masika zinapoanza Aprili, hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au hufunga milango kabisa. Juu ya mzunguko huo wa kawaida yaliongezeka mapigo ya ghafla: machafuko ya Likoni mwaka 1997, shambulio la bomu katika hoteli ya Kikambala tarehe 28 Novemba 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014. Kila mara wageni walipoacha kuja, hoteli zilikata kwanza matumizi ambayo hayakuwa ya lazima, na timu ya mpira ilikuwa miongoni mwa matumizi hayo.

Baada ya mwajiri na mwenye hoteli alibaki mwanasiasa. Mashindano yanayobeba jina la mbunge, diwani au mtu anayeutaka wadhifa huo ni desturi ya pwani nzima, na yana faida ya kweli, kwa kuwa huwapa vijana kombe, jezi mpya na umati wa watazamaji. Kasoro yake ni kwamba hufuata kalenda ya uchaguzi. Timu iliyoundwa kwa ajili ya kombe la majuma sita haina sababu ya kukutana tena juma la saba, na vijana wanaoanza kuelewana uwanjani hutawanyika kabla ya uelewano wao kuzaa matunda.

Kalenda ya uwanja

Msimu wa mpira katika pwani hii haukuwahi kuwa tarehe zilizoandikwa na chama peke yake. Upepo wa kaskazi unapovuma, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na mvuvi hutoka kila siku, kwa hiyo timu yenye wavuvi hupanga mazoezi kufuata maji kupwa na kujaa. Kusi inapochafua bahari baadaye katika mwaka, wavuvi wana nafasi zaidi ya kucheza, lakini huo ndio wakati ambapo fedha zimepungua majumbani. Masika hugeuza viwanja vya udongo mwekundu wa Ganze na Kaloleni kuwa matope, huku vya mchanga wa ufukweni vikinywa maji na kuendelea kutumika. Mwezi wa Ramadhani timu nyingi za Malindi hupunguza mazoezi au huyapeleka usiku. Shule nazo hushika vijana wao kwa ajili ya michezo yao, na kocha wa mtaa aliyempanga kijana katika kikosi chake hukuta jina hilo hilo katika orodha ya mwalimu wa michezo.

Uwanja wenyewe huonyesha namna timu zilivyojitegemea. Mahali pengi milingoti ya goli ni miti ya mvinje, mti unaopandwa kwa wingi katika mashamba ya Kilifi na Malindi kwa ajili ya ujenzi, iliyochongwa maganda na kufukiwa kina cha kutosha ili isiyumbe mpira unapoigonga. Mwamba wa juu hufungwa kwa kamba au kupigiliwa misumari, na baada ya miaka michache hupinda katikati, hata kipa mfupi akapata nafuu. Mistari huchorwa kwa majivu au kwa chokaa pakiwa na fedha. Kazi hiyo yote hufanywa na wachezaji wenyewe asubuhi ya mechi, na aliyeshiriki kuichimbia milingoti timu yake huwa na haki ya kuiita yake, hata kama hakupangwa kucheza siku hiyo. Viwanja vikubwa, kama Alaskan mjini Malindi na ule wa Kilifi unaoitwa kwa jina la Karisa Maitha, mwanasiasa wa pwani aliyefariki mwaka 2004 akiwa waziri, vilibaki kwa fainali na kwa sherehe za taifa.

Wasichana wa Kilifi

Badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii lilitoka upande ambao haukutarajiwa. Mwaka 2001 shirika la Moving the Goalposts, linalofahamika kwa kifupi MTG, lilianzishwa mjini Kilifi na Sarah Forde, mwanamke wa Kiingereza, likiwa na lengo la kuwapa wasichana nafasi ya kucheza mpira wa miguu. Wakati huo mchezo uliohesabiwa wa wasichana shuleni ulikuwa netiboli, na uwanja wa mpira ulikuwa mali ya wavulana kwa mazoea. Msichana wa kijijini alikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta na wadogo wa kulea, na wazazi wengi waliuliza, kwa haki yao, nani atafanya kazi hizo na binti yao atakuwa salama na nani jioni inapoingia. Wengi wa wachezaji wa mwanzo walicheza bila viatu.

Lililoitofautisha MTG na makombe ya wanasiasa lilikuwa muundo wake. Wasichana hawakuitwa kucheza tu: walifundishwa ukocha, uamuzi wa mechi na huduma ya kwanza, wakachagua kamati zao wenyewe za kusimamia viwanja na ligi zao, na baadhi yao wakawa waelimishaji rika, yaani vijana wanaowafundisha wenzao wa umri mmoja kuhusu afya ya uzazi, haki zao na namna ya kujikinga na Virusi vya Ukimwi. Mchezaji aliyeumia goti au aliyezaa aliweza kurudi akiwa mwamuzi. Aliyekosa nafasi katika kikosi aliweza kuwa mtunza hesabu wa kamati. Utaratibu wa rika ulirudi hapo kwa sura nyingine, kwa kuwa kila kundi la wasichana lilipata daraja la kupanda na kazi ya kuwaandaa waliokuwa nyuma yao. Kazi ikaenea kutoka mjini Kilifi hadi vijijini na Malindi, na timu ya MTG United ikafika katika ligi kuu ya wanawake ya Kenya.

Mambo mawili ya nje yaliisaidia kazi hiyo. La kwanza ni elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza nchini Kenya Januari 2003 na kuwaingiza madarasani watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani, wasichana wakiwemo. Msichana aliye shuleni ni rahisi kufikiwa na kocha. La pili ni uamuzi wa mwaka 2014 wa chombo kinachotunga sheria za mpira duniani kuruhusu wachezaji kuvaa hijabu uwanjani, ambao ulikuwa na uzito wa pekee katika miji ya Waislamu kama Malindi, kwa kuwa uliondoa sababu moja iliyowalazimisha baadhi ya wasichana kuchagua kati ya mchezo na heshima ya nyumbani kwao.

Funzo kutoka besiboli

Neno la kujenga upya timu lina maana maalumu katika besiboli ya Marekani, mchezo ambao mrushaji humtupia mpira mpinzani mwenye gongo, naye akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne ili apate pointi. Huko timu iliyochoka huwauza wachezaji wake wakongwe, ikachukua vijana, na ikakubali kushindwa kwa miaka kadhaa ili iwe na nguvu baadaye. Subira hiyo inawezekana kwa sababu mwaka 1965, mwaka ule ule Feisal ilipokuwa bingwa wa Kenya, ligi za Marekani zilianzisha utaratibu wa kuwagawa wachezaji chipukizi ambao timu zilizoshika mkia zilipewa nafasi ya kuchagua kwanza. Aliye chini alipewa ngazi. Katika pwani ya Kenya mambo ni kinyume chake: timu iliyo chini ndiyo inayochaguliwa wachezaji wake, na inayowachagua ni ile iliyo juu. Kwa hiyo kiongozi wa timu ya Kilifi anayewaomba mashabiki subira hawezi kuwaahidi kwamba mfumo utamfidia. Inambidi ajenge mwenyewe kile ambacho mfumo haukumpa.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na unaonyesha pia lilivyo la makaratasi kuliko linavyofikiriwa. Mwaka 2011 timu ya watoto ya besiboli kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yaliyofanyika Poland na kupata haki ya kucheza katika fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya utata katika hati za umri wa wachezaji. Ilikuwa huzuni kubwa, na timu nyingi zingevunjika hapo. Waganda walianza upya, wakashughulikia hati mapema, na mwaka 2012 timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali hizo, ikaishinda timu ya Oregon kwa 3 kwa 2 katika mchezo wake wa mwisho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Timu za Kilifi zimepoteza wachezaji bila fidia na wasichana wamekosa mashindano ya umri kwa sababu hiyo hiyo: cheti cha kuzaliwa hakikutafutwa, fomu ya usajili haikuwekwa, mkataba haukuandikwa.

Nairobi nako kuna mfano. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilichoanza mwaka 1987 kwa kuwaunganisha wachezaji na usafi wa mitaa yao, kilizaa Mathare United, klabu iliyotwaa kombe la taifa mwaka 1998 na ubingwa wa ligi mwaka 2008. Ilichukua miaka ishirini na moja kutoka mwanzo hadi ubingwa, na katika miaka hiyo yote kilichohesabiwa ushindi kilikuwa ni kuwepo kwa timu za watoto chini ya timu za vijana, na za vijana chini ya timu kubwa.

Baada ya ugatuzi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliyapa majimbo mapya, yanayoitwa kaunti, jukumu la michezo ya ndani na viwanja vyake, na tangu 2013 wilaya za Malindi na Kilifi ziliunganishwa chini ya kaunti moja, ambayo sensa ya 2019 iliihesabu kuwa na watu 1,453,787. Kwa mara ya kwanza timu za eneo hili zilikuwa na serikali iliyo karibu ya kudai haki zao, badala ya kusubiri Nairobi. Mafanikio hayakuwa ya haraka. Janga la korona lilisimamisha mpira mwaka 2020, na kati ya Februari na Novemba 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA, shirikisho la mpira duniani, kwa sababu ya mvutano kati ya serikali na chama cha mpira. Klabu kubwa ziliyumba kisha zikasimama. Klabu ndogo za ligi za kaunti, ambazo uhai wake ni kucheza kila juma, ziliwapoteza vijana ambao hawakurudi.

Hata hivyo mwelekeo wa mambo unatoa sababu za kweli za matumaini. Timu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 huko Cameroon, na mwaka 2024 wasichana wa Kenya wenye umri chini ya miaka 17 wakawa timu ya kwanza ya nchi hiyo kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA, katika Jamhuri ya Dominika. Heshima hiyo, ambayo wanaume wa Kenya hawajaipata katika zaidi ya miaka 60 ya ligi ya taifa, imeletwa na wasichana wa kizazi kilichoanza kuchezeshwa katika viwanja vya shule na vya vijiji, na viwanja vya namna hiyo Kilifi inavyo tangu 2001, pamoja na makocha wanawake, waamuzi na kamati zenye uzoefu wa zaidi ya miongo miwili. Kwa upande wa wavulana, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN Agosti 2025 na zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na tukio la ukubwa huo huamsha hamu ya kucheza hata katika vijiji ambavyo viko mbali na viwanja vyake.

Timu ya Malindi au ya Kilifi inayoingia msimu mpya ina haki ya kutumaini kupanda daraja, kwa kuwa hakuna anayecheza ili ashindwe. Lakini historia ya pwani hii inaelekeza tumaini lake mahali pengine penye uhakika zaidi. Ubingwa wa 1965 uliletwa na klabu moja na haukuacha ngazi ya kupandia. Kazi ya wasichana wa Kilifi haikuleta kombe kubwa katika miaka yake ya mwanzo, lakini iliacha watu wanaojua kuiendesha. Timu itakayoandika majina ya wachezaji wake, ikatunza vyeti vyao, ikawa na kikosi cha watoto kinachofanya mazoezi siku moja na wakubwa, na ikampa kazi kila anayestaafu kucheza, itaweza kupoteza washambuliaji wake wote kwa Mombasa na bado ikawa na wa kuwapanga msimu unaofuata. Msingi huo unaweza kuwekwa bila mfadhili mkubwa na bila ya kungoja mwaka wa uchaguzi, na watu wa Kilifi wameshathibitisha kwa mikono yao kwamba wanaweza kuuweka.